Umeme wa Ruzuku Si Zawadi ya Mtawala

Nguzo za umeme zina desturi ya kutembea katika nchi yetu ya Kenya kila msimu wa kampeni unapokaribia. Hushushwa kando ya barabara na malori, mashimo yakachimbwa, kisha mheshimiwa akafika na msafara wake kuwatangazia wananchi kwamba amewaletea stima. Wananchi hupiga makofi, nasi twawaelewa. Aliyekaa gizani maisha yake yote hana sababu ya kuukataa mwanga kwa kuwa tu aliyeuleta ni mtu wa siasa.

Lakini sisi tulioshika bendera ya mageuzi tuna wajibu wa kuuliza maswali ambayo makofi huyafunika. Ruzuku inayomwezesha maskini kuunganishiwa umeme kwa bei nafuu hulipwa na nani? Nyaya zikishafika nyumbani, maisha ya mwenye nyumba hubadilika kwa kiasi gani? Na ikiwa hayabadiliki kama tulivyoahidiwa, kasoro iko wapi: katika umeme wenyewe, au katika namna tunavyotawaliwa? Twaamini kwamba jibu la swali hili la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi, wanaharakati na waumini kwa pamoja.

TULIKOTOKA

Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianzishwa nchini mwaka 1973, miaka kumi baada ya Uhuru. Miaka ikapita, mwongo baada ya mwongo, nyaya zikipita juu ya mapaa ya maskini kuelekea kwingine. Sensa ya mwaka 2009 ilipofanywa, ni kaya takribani 23 tu katika kila 100 zilizotumia umeme wa gridi kuangazia nyumba, na huko vijijini ni takribani 5 katika kila 100. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka 46 baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Umaskini ulichangia, lakini haukuwa sababu pekee. Kwa muda wa miaka kadhaa kabla ya 2015, mwananchi aliyetaka kuunganishiwa umeme alitakiwa kulipa shilingi 35,000. Mkulima mdogo, mwenye ng'ombe mmoja na ekari moja ya mahindi, angezitoa wapi? Watafiti waliokwenda sehemu za magharibi mwa Kenya walikuta jambo la kusikitisha. Nyumba nyingi mno zilikuwa karibu na transfoma, nyingine zikiwa mita 200 au pungufu kutoka kwenye waya, na bado zilikuwa gizani. Taifa lilikuwa limekwisha kugharamia transfoma, nguzo na nyaya kubwa. Kilichokosekana ni hatua ile fupi ya mwisho, nayo ndiyo iliyomshinda maskini.

Kwa sababu hiyo, mwezi Mei 2015 serikali ilipozindua mradi uitwao Last Mile na kushusha ada hadi shilingi 15,000, zinazoweza kulipwa kidogo kidogo, ilikuwa hatua ya haki. Mgala muue na haki yake mpe. Mradi ulilenga kaya zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Awamu ya kwanza, iliyogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilikusudia kuzifikia kaya zaidi ya 300,000. Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine walifuata. Idadi ya wateja wa Kenya Power, iliyokuwa milioni mbili na ushei mwaka 2013, leo imepita milioni tisa.

Twasema mapema, ili adui wa hoja yetu asije akatusingizia: hatupingi ruzuku. Tunachopinga ni kupewa ruzuku kama fadhila, kuhesabiwa ushindi kwa idadi ya mita zilizopachikwa ukutani, na kukatazwa kuuliza nini kilifuata.

YALIYOONEKANA BUSIA NA SIAYA

Kwa bahati njema, nchi yetu ina ushahidi ambao mataifa mengi hayana. Wachumi watatu, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walifanya jaribio katika vijiji 150 vya kaunti za Busia na Siaya, likihusisha kaya zaidi ya 2,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Kaya za kundi moja ziliunganishiwa umeme bila malipo, kundi la pili liliambiwa lilipe shilingi 15,000, la tatu shilingi 25,000, na kundi la nne likabaki na bei ya kawaida ya shilingi 35,000.

Tuyapime matokeo kwa uangalifu. Umeme ulipotolewa bure, karibu kila kaya iliupokea. Ulipouzwa kwa shilingi 15,000, waliokubali walikuwa chini ya robo. Kwa shilingi 25,000, hata mmoja katika kila kumi hakufika. Watu wale wale, wa udongo ule ule na mahitaji yale yale, walitofautishwa na bei peke yake. Anayesema kwamba mwanakijiji hapendi umeme, na aitazame hesabu hii. Na anayesema kwamba shilingi 15,000 ni bei ya maskini, naye aitazame pia.

Fundisho la pili lahusu gharama. Mafundi wanapokwenda kijijini kuunganisha nyumba mbili au tatu, kila nyumba hugharimu fedha nyingi mno. Wanapounganisha kijiji kizima kwa safari moja, gharama kwa kila nyumba hushuka hadi chini ya nusu. Yaani ruzuku nusunusu, ile inayowafaa wachache wenye uwezo na kuwaacha majirani zao, ndiyo inayokula fedha nyingi zaidi za umma kwa kila nyumba. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa wamethibitishwa kwa tarakimu.

Fundisho la tatu ndilo linalouma. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, watafiti walirudi kuzitazama kaya zilizopewa umeme na zile zisizopewa. Hawakuona tofauti ya maana katika mapato, wala katika afya, wala katika alama za watoto shuleni. Taa ziliwaka, simu zilichajiwa nyumbani badala ya sokoni, redio iliimba. Lakini vyombo vikubwa zaidi vya umeme havikuenea, kwa kuwa aliyeshindwa kulipia waya hawezi kununua vyombo hivyo siku inayofuata. Umeme uliotumiwa ulikuwa kidogo sana.

Kisha yakaonekana mambo ambayo sisi wanamageuzi hatuwezi kuyasoma tukanyamaza. Kuunganisha kaya kulichukua siku 188 kwa wastani. Transfoma 29 kati ya zile 150 zilizimika kwa muda mrefu, wastani wa miezi minne kila moja. Miezi minne! Na watafiti walipozihesabu nguzo zilizosimama ardhini, wakalinganisha na nguzo zilizoandikwa katika michoro na ankara, walipata pengo la zaidi ya moja katika kila tano. Nguzo hizo zilizimezwa na nani, hatukuambiwa. Tunachojua ni kwamba zililipiwa.

WENZETU DUNIANI

Je, yatupasa kukata tamaa na kusema umeme haumfai maskini? La hasha. Tutazame kwingine kabla ya kutoa hukumu.

Nchini Afrika Kusini, serikali iliyochaguliwa mwaka 1994, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, ilisambaza umeme kwa kasi katika vitongoji na vijiji vilivyonyimwa kwa makusudi. Mwanauchumi Taryn Dinkelman alipochunguza vijiji vya KwaZulu-Natal, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, aligundua kwamba umeme ulipofika, ajira ya wanawake iliongezeka kwa takribani asilimia 9 ya wanawake wote wa vijiji hivyo. Sababu yake ni ya kueleweka. Wanawake walianza kupika kwa umeme. Saa walizozipoteza wakitafuta kuni zikageuka saa za kazi yenye mshahara. Tena tangu 2003 serikali hiyo imeweka utaratibu wa kuzipa kaya maskini kiasi cha umeme bure kila mwezi, kwa kawaida uniti 50, kwa kutambua kwamba waya usiokuwa na uniti ni pambo tu.

Huko El Salvador, baadhi ya kaya zilipewa vocha za kupunguza ada ya kuunganishiwa umeme, nyingine kwa asilimia 20 na nyingine kwa asilimia 50. Kaya zilizounganishwa ziliachana na taa za mafuta, moshi ndani ya nyumba wakati wa usiku ukapungua kwa zaidi ya nusu, na maradhi ya kifua kwa watoto wadogo yakapungua pia. Kila mama wa Kenya aliyemwona mtoto akikohoa kando ya koroboi anajua thamani ya jambo hilo, hata kama halionekani katika hesabu za pato la taifa.

India nayo ilianzisha mwaka 2005 mradi mkubwa wa kufikisha umeme katika mamia ya maelfu ya vijiji. Wachunguzi waliona kwamba vijiji vidogo sana havikupata manufaa makubwa ya kiuchumi, ilhali vijiji vyenye watu wengi vilifaidika. Penye soko, barabara na wateja, umeme huwa chombo cha kazi. Pasipokuwa na hayo, hubaki taa.

Tukiyaweka haya pamoja, picha inajitokeza. Waya peke yake hautoi mtu katika umaskini. Ni lazima ukute kitu cha kuendesha: jiko, kinu cha kusaga, karakana ya juakali, zahanati yenye friji ya chanjo, soko lenye wateja. Tena ni lazima bei ya uniti iwe ya kuvumilika na umeme wenyewe uwe haukatikikatiki. Pale serikali ilipofikiri juu ya matumizi, ruzuku ilizaa. Pale ilipofikiri juu ya idadi ya mita, ilizaa takwimu za kutangazia kwenye jukwaa.

TAKWIMU NA UKWELI

Na kweli tulitangaziwa. Mwezi Desemba 2018 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa usambazaji umeme, ikasema kwamba Wakenya 75 katika kila 100 walikuwa tayari wamefikiwa, na kwamba wote wangekuwa wamefikiwa ifikapo 2022. Miezi michache baadaye, Agosti 2019, ikafanywa sensa. Wahesabuji walipobisha hodi, waliambiwa na wenye nyumba kwamba kaya zinazoangazwa kwa umeme wa gridi ni 50.4 katika kila 100, na vijijini ni robo hivi. Kaya 19 katika kila 100 zilikuwa zikitumia sola. Mwaka 2022 ulifika ukapita, na ahadi ikasogezwa hadi 2030.

Pengo kati ya takwimu ya jukwaa na takwimu ya sensa laweza kuelezwa kwa njia nyingi. Wapo wanaohesabu kila aliye karibu na waya kuwa amefikiwa. Wapo wanaohesabu mita ambayo haijapata tokeni kwa miezi sita. Sisi twasema hivi: kipimo cha haki ni mwanga unaowaka katika nyumba ya mtu usiku, na mwenye kuujua mwanga huo ni mwenye nyumba, si mwenye kipaza sauti.

Zaidi ya hayo, mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukitoa na mwingine ukinyakua. Mwaka 2018, Sheria ya Fedha iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja kwamba wafanyabiashara walaghai walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Hoja ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa nje ya mita 600 za transfoma, ambaye hakuwa na waya wala sola, na ambaye kosa la kuchanganya mafuta hakulitenda.

Hali kadhalika, bei ya uniti. Mwishoni mwa 2018 iliamuliwa kwamba kaya inayotumia hadi uniti 100 kwa mwezi itozwe bei nafuu ya wanyonge. Mwezi Aprili 2023 kiwango hicho kilishushwa hadi uniti 30. Anayevuka uniti 30 hupangwa katika daraja la bei ya juu zaidi. Hebu mfikirie mama anayeuza maziwa, aliyeokoa fedha akanunua friji ndogo ili mabaki ya jioni yasiharibike. Friji hiyo ndiyo matumizi yenye faida tuliyokuwa tukimwomba ayafikirie. Na friji hiyo ndiyo itakayomtoa katika bei nafuu. Tumempa waya kwa ruzuku, kisha tunamwadhibu kwa kuutumia.

NANI HULIPA

Watawala hupenda kusema "serikali imewalipia." Serikali haina shamba wala duka. Kila anayenunua tokeni hutozwa asilimia 5 ya gharama ya umeme wake kwa ajili ya mpango wa umeme vijijini, na juu yake hulipa kodi ya ongezeko la thamani. Mikopo ya mradi wa Last Mile itarejeshwa kwa kodi ya chumvi, sabuni na mafuta, ikiwa ni pamoja na kodi ya yule asiyewahi kuona nguzo katika kijiji chake. Na ile shilingi 15,000 iliyobaki hudaiwa kwa mwananchi mwenyewe kidogo kidogo.

Basi anayeletewa transfoma hupewa mali ambayo yeye na jirani zake wameilipia, na wengine bado wanailipia. Hana deni la shukrani kwa mbunge, wala kwa gavana, wala kwa rais. Deni liko upande wa pili: wao ndio wanaodaiwa hesabu.

Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa tunaijua historia yetu. Kifungu cha 2A, kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria mwaka 1982, kilifutwa Desemba 1991 baada ya watu kufungwa, kupigwa na kufa. Lakini tabia ya chama kimoja haikufutwa siku hiyo. Tabia hiyo husema kwamba barabara, maji na umeme ni marupurupu ya waaminifu, na kwamba eneo linalopiga kura vibaya litakaa gizani likatubu. Vyama vingi bila ya kuifuta tabia hiyo ni kubadilisha mlango wa nyumba na kuuacha wizi ndani. Ruzuku ya umeme, isipolindwa kwa kanuni zilizo wazi, hugeuka chambo kwenye ndoana ile ile ya kale.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya 2010 haikuutaja umeme miongoni mwa haki za kiuchumi na kijamii katika Kifungu cha 43. Imetaja afya, makazi, usafi, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu. Wapo wanaofikiri kwamba kwa hiyo mwananchi hana pa kusimama. Wanakosea. Zahanati isiyoweza kuhifadhi chanjo haitimizi haki ya afya, na kisima ambacho pampu yake haina nguvu hakitimizi haki ya maji.

Tena vipo vifungu vingine. Kifungu cha 46 humpa kila mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, nacho hutaja waziwazi kwamba taasisi za umma zimo. Kijiji kilichozimikiwa transfoma kwa miezi minne kina cha kudai. Kifungu cha 35 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu wa kuziomba. Kifungu cha 201 hutaka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Kifungu cha 227 hutaka zabuni ziwe za haki, za wazi na zenye gharama nafuu. Nayo Jedwali la Nne huzipa serikali za kaunti jukumu katika usambazaji wa umeme, jukumu ambalo Nairobi imekuwa mzito wa kuliachia.

Sheria, hata hivyo, ni kama jembe. Halilimi likiwa limeegeshwa ukutani.

WANAOTUPINGA

Tunawasikia wa aina mbili. Wa kwanza husema: kwa kuwa umeme haukuongeza mapato Busia na Siaya, ruzuku ikomeshwe na kila mtu ajilipie. Hawa wamesoma ukurasa mmoja wa ushahidi wakafunga kitabu. Jaribio lile lilipima umeme uliofika kwa watu wasio na mikopo ya kununua vyombo, uliokatika kwa miezi, na uliojengwa na mfumo unaomeza nguzo. Kumnyima maskini waya kwa sababu ya kasoro hizo ni kumfunga mtu aliyeibiwa na kumwachia mwizi. Tena kaya zilizoko mjini, zilizofikiwa zamani, hazikuwahi kuulizwa kama taa zao zimeongeza pato la taifa. Usawa nao una thamani. Mtoto wa Samia katika kaunti ya Busia ni Mkenya sawa na mtoto wa Karen jijini Nairobi.

Wa pili husema: msiulize maswali, mtawakera wafadhili, nguzo zitakwenda kwingine. Haya ndiyo maneno tuliyoambiwa mwaka 1990 tulipodai vyama vingi, kwamba tukisema sana tutavuruga amani na maendeleo. Tuliyakataa wakati ule. Sababu ya kuyakubali leo hatuioni.

Kuna neno moja la wapinzani wa kwanza tunalolikubali. Fedha za umma zina kikomo, na shilingi iliyozikwa katika nguzo haipo tena kwa maji wala kwa dawa. Kwa maboma yaliyotawanyika mbali kabisa na gridi, kama yaliyo mengi ya kaskazini, sola yaweza kumfikia mtu mapema zaidi na kwa gharama ndogo. Kuvuta waya kilomita nyingi ili kuwasha balbu mbili, kisha kuuita huo ukombozi, si kumheshimu mwananchi. Lakini uamuzi huo na ufanywe kwa hesabu zilizowekwa mezani na kwa kuwasikiliza wenyeji, wala usifanywe gizani na walio kwenye mwanga.

TUNADAI NINI

Kwanza, orodha ya kila transfoma inayojengwa kwa ruzuku ichapishwe: mahali ilipo, mkandarasi, gharama, idadi ya nguzo, idadi ya kaya na tarehe ya kukamilika. Orodha ibandikwe katika ofisi ya chifu, ofisi ya wadi na mlangoni mwa kila kanisa na msikiti utakaokubali.

Pili, utaratibu wa nani atangulie na nani afuate uwe wa maandishi, utangazwe kabla ya mwaka wa uchaguzi, na usibadilishwe kwa simu ya mkubwa yeyote.

Tatu, penye transfoma, kijiji chote kiunganishwe kwa mara moja, na walio fukara kabisa wasamehewe ile ada. Hesabu zimeonyesha kwamba hiyo ndiyo njia yenye gharama ndogo kwa kila nyumba.

Nne, ruzuku iufuate umeme hadi kwenye matumizi. Kiwango cha bei nafuu kipandishwe ili mwenye friji ndogo au cherehani asiadhibiwe, na vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama vipewe mikopo ya vyombo vya kazi.

Tano, kijiji kinachozimikiwa kwa siku nyingi kilipwe fidia kama Katiba isemavyo, bila ya kila mtu kulazimika kuajiri wakili.

NENO KWA WAUMINI NA WANAHARAKATI

Makanisa yetu yamewahi kusema wakati wengine walinyamaza. Yalisema dhidi ya kura ya mlolongo mwaka 1988, na yalisema katika miaka ya mageuzi. Mwezi Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakataza wanasiasa kupiga siasa madhabahuni. Mwezi Novemba 2024 Kanisa Katoliki katika Jimbo Kuu la Nairobi liliamua kurudisha michango ya wanasiasa. Tunaomba hatua moja zaidi: transfoma nayo isizinduliwe baada ya ibada kana kwamba ni sadaka. Sadaka hutoka mfukoni mwa mtoaji.

Kwenu wanaharakati, kazi iliyopo haihitaji digrii. Vikundi vya haki na amani vya parokia, jumuiya ndogo ndogo, vijana wa mtaa, wazee wa kijiji: tembeeni kwenye njia ya waya mkazihesabu nguzo. Andikeni tarehe transfoma ilipozimika na tarehe iliporudi. Ulizeni kaya ngapi zimeunganishwa, ngapi zimeachwa, na kwa nini. Kisha pelekeni ombi la habari kwa maandishi, mkitaja Kifungu cha 35, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri. Hesabu yenu mkiiweka kando ya ankara, ndipo tutakapojua ni nguzo ngapi zililala njiani.

Umeme utakuja. Swali ni kama utamkuta Mkenya akiwa ombaomba anayesubiri kuwashiwa, au mwenye mali anayedai hesabu ya mali yake. Hilo haliamuliwi na Kenya Power. Linaamuliwa nasi, kuanzia na nguzo ya kwanza itakayohesabiwa.